Maji ya Mwezini ni ya Nani?

Habari ya kuwa mwezini mna maji imekwisha kufika hata vijijini. Wengine wameisikia katika redio, wengine wameletewa na watoto wao wasomao mijini, na kila mtu ameipokea kwa namna yake. Wako waliocheka. Wako wasiosadiki hata leo, wakisema ya kuwa hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Na wako, hasa akina mama waamkao alfajiri na ndoo kichwani, waliouliza swali fupi: Je, hao wenye mali wamekwisha kuyamaliza maji ya duniani, hata waende kuyatafuta mwezini?

Swali hilo si la kuchekwa, nasi tutalijibu kwa kadiri tuwezavyo. Lakini nyuma yake liko swali jingine lililo zito zaidi, wala halijaulizwa sana katika mabaraza yetu: maji hayo, yasiyochimbwa na mtu wala kunywewa na mnyama tangu kuumbwa kwake, ni mali ya nani?

Kwanza na tufahamu ni maji gani, maana neno lenyewe huwadanganya watu. Mwezini hakuna mto wala ziwa, hakuna mvua wala umande, kwa kuwa hakuna hewa ya kuyachukua mawingu. Ukimwaga maji huko penye jua, yatageuka mvuke mara moja na kupotea. Kwa sababu hiyo watu waliposhuka mwezini mara sita, kati ya mwaka wa 1969 na mwaka wa 1972, wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382, wenye elimu waliyapima mawe yale wakayaona makavu kabisa. Dalili ndogo za maji zilizoonekana humo walizidhania kuwa ni unyevu wa dunia ulioingia njiani. Kwa muda wa karibu miaka arobaini mwezi ukaitwa mkavu, na vitabu vya shule vikafundisha hivyo.

Walakini tangu mwaka wa 1961, kabla mtu hajakanyaga huko, wataalamu watatu wa Marekani, Watson, Murray na Brown, walikuwa wamekwisha kuandika ya kuwa yamkini iko barafu mahali pamoja mwezini, nako ni kwenye ncha zake. Sababu yao ni rahisi kuifahamu. Dunia yetu imeinama kwa nyuzi ishirini na tatu na nusu, ndiyo maana kuna majira ya joto na ya baridi. Mwezi umesimama karibu wima mbele ya jua, umeinama kwa nyuzi moja na nusu tu. Basi mtu akisimama penye ncha ya mwezi ataliona jua likizunguka chini chini pembezoni, kama jua la magharibi lisilotua. Mashimo makubwa yaliyoko huko, ambayo wataalamu huyaita kreta, hayapati mwanga hata siku moja kwa mwaka. Chini yake ni giza la tangu zamani sana, na baridi yake katika baadhi ya mashimo imepimwa ikaonekana yapita nyuzi 240 chini ya sifuri. Chembe ya maji ikiangukia humo haitoki tena. Hukaa kama senti iliyomponyoka mtu ikazama kisimani.

Maneno ya watu hao watatu yalikaa miaka mingi bila ushahidi. Mwaka wa 1998 chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Prospector kilizunguka mwezi kikaona dalili za hidrojeni kwenye ncha zake, na hidrojeni ndiyo sehemu moja ya maji. Tarehe 31 Julai 1999 kikaangushwa kwa makusudi ndani ya shimo moja la giza, ili mvuke ukitoka uonekane kwa darubini za duniani. Hakuna kilichoonekana. (Ndani ya chombo hicho yalikuwamo majivu kidogo ya mtaalamu mmoja wa mwezi, Eugene Shoemaker, aliyekwisha kufariki. Taifa la Wanavajo wa Marekani walisikitika sana kwa jambo hilo, kwa kuwa kwao mwezi ni mtakatifu. Nasi twaona ya kuwa walikuwa na haki ya kuulizwa kwanza.)

Ndipo mambo yakafuatana upesi. Mwaka wa 2008 Alberto Saal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown walichukua vitone vidogo vya kioo, vilivyorushwa na volkano za mwezi zamani na kuletwa na safari zile za kwanza, wakavipima kwa mashine mpya, wakakuta maji ndani yake. Udongo ule ule uliokuwa umefungiwa ghalani kwa miaka zaidi ya thelathini! Sisi walimu twaipenda sana habari hii, na twawashauri wenzetu waisimulie darasani. Wale waliosema mwezi ni mkavu hawakuwa wajinga wala waongo. Mizani yao ilikuwa ya kupimia magunia, nao walitakiwa kupima punje.

Mwaka ule ule, tarehe 22 Oktoba 2008, Wahindi walipeleka chombo chao cha kwanza mwezini, Chandrayaan-1, na ndani yake kilikuwamo kifaa cha Wamarekani cha kuchunguza mwanga. Mwezi wa Septemba 2009 ikatangazwa ya kuwa kifaa hicho kimeona alama za maji juu ya uso wa mwezi, na zaidi kuelekea kwenye ncha. Wiki chache baadaye, tarehe 9 Oktoba 2009, Wamarekani wakaliangusha bomba tupu la roketi ndani ya shimo liitwalo Cabeus, karibu na ncha ya kusini, na chombo kingine, LCROSS, kikafuata nyuma yake kikipita katikati ya vumbi lililoruka. Safari hii mvuke ulionekana. Wakahesabu yapata kilo 155 za maji, yaani kama madebe manane hivi. Na katika kila kilo mia za udongo wa shimo lile wakakadiria kilo tano na zaidi kuwa ni maji. Mwezi wa Oktoba 2020 ikatangazwa tena ya kuwa hata penye jua, katika kreta ya Clavius, yako maji kidogo yaliyoshikamana na udongo. Lakini hayo ni kidogo kweli kweli: jangwa la Sahara lina maji mara mia kuliko udongo ule.

Basi yatafutwa kwa nini? Kwa sababu maji ni mazito, na kila kilo ipandishwayo kutoka duniani hugharimu fedha nyingi. Mtu akae mwezini mwezi mmoja, anywe, aoge kwa kitambaa, apike, naye akiwa amebebewa maji yote kutoka kwao, safari hiyo ni ya kitajiri sana. Akiyapata huko huko, mambo yabadilika. Tena maji yakipitishwa nguvu ya umeme hugawanyika kuwa oksijeni, ambayo ni pumzi yetu, na hidrojeni. Na hizo mbili zikigandishwa kwa baridi kali hata ziwe kama maji, huwa mafuta ya roketi. Nguvu ya mwezi ya kuvuta vitu chini ni sehemu moja tu katika sita ya nguvu ya dunia, kwa hiyo chombo chaondoka huko kwa urahisi. Wenye elimu waona ya kuwa atakayekuwa na maji mwezini ataweza kuendelea mbele hata sayari ya Mars.

Watu wa nchi zetu hawahitaji kuelezwa mno jambo hili. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipangwa kwa visima. Mahali pa kulala palichaguliwa na maji, wala si na mwenye msafara. Ilipofika jangwa la Marenga Mkali, wapagazi walivuka mbio na vibuyu vyao, kisha wakaingia Ugogo, na huko Wagogo, waliokuwa na visima, waliwatoza hongo. Mwenye mali atokaye pwani na bunduki mia alikaa chini akangoja, akahesabu vitambaa na shanga, mpaka mtemi aridhike. Mwenye maji ya njiani ndiye mwenye njia. Tusisahau neno hili, maana tutalirudia.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye ndoo. Swali lake lina hesabu ndani yake. Mkaguzi wa idara ya Marekani ya safari za anga, NASA, alikadiria ya kuwa kazi ya kuwarudisha watu mwezini, iitwayo Artemis, itakuwa imetumia dola bilioni 93 kufikia mwaka wa 2025. Na duniani humu watu zaidi ya bilioni mbili hawana maji ya kunywa yaliyo safi na ya kutegemewa nyumbani kwao. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, moyo wauma.

Lakini twasema kwa unyofu ya kuwa hesabu haiendi hivyo. Fedha isiyokwenda mwezini haiendi kisimani kwa sababu hiyo tu. Serikali za dunia zilitumia kwa majeshi yao, katika mwaka mmoja wa 2024, zaidi ya dola bilioni 2,700. Fedha ya Artemis ya miaka yote ile yaingia humo karibu mara thelathini. Mtu akitaka kujua ni nani aliyekunywa maji ya maskini, na aanze kutafuta huko. Tena visima vingi vya vijijini havikukauka kwa kukosa mabilioni. Pampu imesimama kwa ajili ya mpira mmoja uliochakaa, au kwa sababu mtunza fedha wa kamati haelewani na mwenyekiti, au kwa sababu fundi yuko mbali na hakuna aliyekusanya nauli yake. Si haki kuutwika mwezi mzigo wa kamati yetu.

Wala si kweli ya kuwa safari hizo hazituletei kitu. Katika kituo kikubwa cha watu kizungukacho dunia, mwaka wa 2023 walifaulu kurudisha asilimia 98 ya maji yao, wakiyasafisha tena kutoka katika jasho, pumzi na mkojo. Tangu mwaka wa 2002 vyombo viwili viitwavyo GRACE, na baada yake vingine vya namna ile ile tangu 2018, vimekuwa vikipima kutoka juu jinsi maji yaliyofichika chini ya ardhi yanavyopungua na kuongezeka, kwa kusikia tu uzito wa nchi inayopita chini yao. Elimu ya namna hiyo ni ya mkulima kuliko ilivyo ya rubani.

Hatusemi haya ili kuwaosha wenye mali. Swali la mama labaki, ila ladai kuulizwa kwa namna nyingine. Yeye aliyeweza kusafiri kilometa 384,000, akapiga shimo la giza kwa bomba la chuma, akahesabu madebe manane ya mvuke katikati ya vumbi, hawezi tena kutuambia ya kuwa kisima cha mita sitini ni kazi isiyowezekana. Kabla ya mwaka wa 2009 huenda angesema hivyo na sisi tukanyamaza.

Sasa tufike kwenye swali la pili, ambalo kwalo tulichukua kalamu.

Mwaka wa 1967 mataifa yalifanya mkataba juu ya anga za juu. Una vifungu 17 tu, waweza kusomwa kwa saa moja, nasi tungependa kila shule iwe na nakala yake. Kifungu cha kwanza chasema ya kuwa kuchunguza na kutumia anga na mwezi kuwe kwa faida ya nchi zote. Cha pili chakataza taifa lolote kuufanya mwezi kuwa milki yake, ama kwa kudai, ama kwa kuukalia, ama kwa njia nyingine. Mwaka wa 1979 ukaandikwa mkataba mwingine uliosema wazi zaidi ya kuwa mali ya mwezi ni urithi wa wanadamu wote, lakini ni mataifa machache tu yaliyouthibitisha, na yale makubwa yapelekayo watu angani hayakuuthibitisha. Kisha mwaka wa 2015 Marekani ikatunga sheria ya kuwa raia wake akichimba kitu mwezini au katika mawe ya angani, kitu hicho ni chake, aweza kukiuza. Luxemburg, nchi ndogo ya Ulaya, ikafanya vivyo mwaka wa 2017. Na mwezi wa Oktoba 2020 zikatiwa sahihi Kanuni za Artemis, zisemazo ya kuwa kuchimba mali ya mwezi si lazima kuhesabiwe kuwa ni kuutwaa mwezi.

Watetezi wa kanuni hizi wana mfano wao, nao si mbaya. Wasema: bahari kuu si ya mtu, lakini samaki ni wa mvuvi aliyemvua. Kwa nini barafu isiwe ya mchimbaji aliyeichimba?

Twauheshimu mfano huo, lakini twaona umepungukiwa mahali pawili. Samaki huzaa. Mvuvi akivua kwa kiasi, bahari hujaza tena wavu wa mwanawe. Barafu ya mwezi haizai. Ilikusanyika chembe kwa chembe katika muda wa mamilioni na mamilioni ya miaka, na aliyeinywa au kuichoma katika roketi ameimaliza. Wala hakuna masika yatakayokuja kuirudisha. Tena bahari ni pana, walakini mashimo ya giza yaliyo mazuri ni machache, na vilele vilivyo karibu nayo, vipatavyo jua karibu mwaka mzima kwa ajili ya umeme, ni vichache zaidi. Watu wote watapataka pale pale. Kanuni za Artemis zataja pia maeneo ya usalama, ili chombo cha huyu kisiharibu kazi ya yule. Ni jambo la akili. Lakini ua uliojengwa kwa ajili ya usalama ni ua vile vile, na aliye nje hana njia ya kujua kama umejengwa kumlinda au kumzuia.

Watu wetu wa Afrika wamefikiri juu ya maji machache katika nchi kavu kwa muda mrefu kuliko mabaraza hayo, na sheria zao zafaa kusikilizwa. Waborana, wakaao kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wana visima virefu sana vilivyochimbwa na mababu zao katika mwamba. Watu husimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakipokezana ndoo za ngozi na kuimba, hata maji yafike juu. Kila kisima kina mwenyewe, wa ukoo wa yule aliyekianza kuchimba, naye huitwa konfi. Jasho la babu yake halikusahauliwa: hupewa heshima, na katika zamu za kunywesha ng'ombe ana nafasi ya mbele. Lakini haki yake si ya kuwafungia wengine. Yuko mtu mwingine wa kusimamia zamu za kila siku, na wenye ng'ombe wa koo nyingine huingia katika zamu hizo wakifanya kazi pamoja na wenzao. Na mpita njia mwenye kiu hanyimwi.

Twaona hekima ndani yake, kwa kuwa imetenganisha mambo mawili ambayo sheria ile ya 2015 imeyachanganya. Aliyetoa jasho astahili kutangulia katika zamu; hastahili kuzishika zamu zote. Naam, wenye vyombo watasema ya kuwa hakuna atakayekubali hasara kama faida si yake peke yake, na hasara zao ni za kweli. Chombo cha Urusi, Luna-25, kilianguka kikavunjika mwezi wa Agosti 2023, siku chache tu kabla Chandrayaan-3 ya Wahindi haijashuka salama tarehe 23. Chombo cha kampuni moja ya Marekani, Peregrine, hakikufika hata mwezini. Kiliungua katika hewa ya dunia mwezi wa Januari 2024. Mtu aliyepoteza hivyo hawezi kuambiwa aende tena kwa ajili ya shukrani tu. Na apewe ndoo yake iliyojaa. Shida yetu ni hii: katika kisima kisichojaa tena, ndoo zikiwa nyingi, ndoo ndizo kisima. Sheria iwezayo kusema ya kuwa maji ya ndoo ni yako na kisima si chako, yafaa penye chemchemi. Penye barafu isiyorudi ni maneno matupu, mpaka hapo itakapowekwa hesabu ya ndoo.

Kisha liko jambo ambalo Waborana hawakuhitaji kuliwaza, nasi hatuna budi. Barafu ile si maji tu, ni maandishi. Katika matabaka yake yaaminika kuwamo habari za nyota zenye mkia zilizoanguka mwezini zamani, na labda habari za jinsi maji yalivyofika hata duniani kwetu. Achimbaye bila kusoma ni kama mtu aliyewasha moto wa chai kwa kitabu cha ukoo. Kwa hiyo twaafikiana na wale wanaotaka baadhi ya mashimo yaachwe kabisa bila kuguswa, kwa ajili ya watakaokuja na mizani iliyo bora kuliko yetu, kama vile Saal alivyokuja na mizani bora kwa udongo wa zamani. Wala jambo hilo si ndoto. Bara la Antaktika, lenye barafu nyingi kuliko mahali pote duniani, liliwekewa mkataba mwaka wa 1959, na mwaka wa 1991 mataifa yakakubaliana kukataza kabisa kuchimba madini huko. Wenye nguvu waweza kujizuia, wakitaka, na wakizuiwa na wenzao.

Huenda msomaji atauliza, yatuhusu nini sisi wa vijijini? Hatuna roketi. Twajibu: hata ramani hatukuwa nayo mwaka wa 1884. Mwaka ule wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, wakakaa mpaka Februari 1885, wakaandika kanuni za jinsi ya kuitwaa pwani ya Afrika ili wasigombane wao kwa wao. Hakuwapo Mwafrika hata mmoja mezani. Kanuni mojawapo ilikuwa ya kuwa dai la nchi lisimame juu ya kuikalia kweli kweli, na neno hilo likawatia wote mbio. Hatusemi ya kuwa mwezi ni Afrika ya pili. Mwezini hakuna mtu wa kunyang'anywa shamba, wala makaburi ya kukanyagwa, na mwandishi alinganishaye mambo hayo mawili bila kuitaja tofauti hiyo awakosea adabu wazee wetu. Tuulinganishao ni mwendo wenyewe. Kanuni huandikwa na waliokuwapo siku ya kuziandika. Wanaofika baadaye huzikuta zimekwisha kuwa desturi, nao huambiwa ya kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ndiyo maana twaona Rwanda ilifanya vema, pamoja na Nigeria, kutia sahihi Kanuni za Artemis mwezi wa Desemba 2022, zikiwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo, ingawa sisi wenyewe tuna mashaka na kanuni zenyewe. Wako wasemao ya kuwa kutia sahihi ni kukubali kila neno. Twaona afadhali mtu aliye ndani ya baraza akabisha, kuliko aliye nje ya dirisha akasikitika. Na pwani yetu si mgeni kabisa wa mambo haya: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, chombo cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, kikaitwa kwa neno letu, Uhuru. Kilitoa elimu kubwa. Lakini waliokitengeneza, waliokirusha na waliosoma habari zake walikuwa wengine. Sisi tulitoa bahari na jina.

Watoto tuwafundishao leo watakuwa watu wazima maji hayo yatakapoanza kuchimbwa, kama yatachimbwa. Twawafundisha majina ya sayari, na ni vema. Twaona ingefaa pia wafundishwe vifungu vile 17, na habari za konfi na zamu zake, na za hongo ya Ugogo, ili atakapotokea mmoja wao kutumwa Vienna, mahali ambapo Umoja wa Mataifa tangu 2021 umeweka kundi la watu kuzungumza juu ya mali za angani, awe na neno la kusema zaidi ya kushukuru kwa kualikwa.

Mwezi wa Machi 2025 kampuni nyingine ya Marekani ilishusha chombo chake, Athena, karibu na ncha ya kusini. Ndani yake ilikuwamo kekee ya NASA ya kutoboa ardhi ya mwezi na kutafuta barafu chini yake. Chombo kilianguka ubavu ndani ya shimo, vibao vyake vya kupokea jua vikawa havilielekei jua, na baada ya muda mfupi nguvu ikaisha. Kekee ilisogezwa kidogo, kuonyesha ya kuwa yaweza kwenda. Haikugusa udongo.